Nilimwaga Konokono, Sasa Mtaa Unanipongeza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila kwanza pokea salamu zetu, mume wangu fundi cherehani anakusalimu, mama mkwe anakusalimu ijapokuwa goti linamsumbua, binti yangu mkubwa na wadogo zake mapacha wote wazima, nami mzima isipokuwa moyo.

Mshauri, tumeshinda, na ushindi wenyewe ndio unaoninyima raha. Mume wangu aliweka tangi la samaki dukani kufurahisha wateja, akaletewa na konokono wa maji kutoka ng'ambo, wakazaana mpaka samaki hawaonekani, akaniambia niwaue, nami sina moyo wa kuua, nikamwaga beseni moja mtaroni na jingine kwenye shimo la zamani la matofali, nikajua nimetenda wema. Miezi ikapita, jirani yangu tunayemwita Bi Majimbi kwa ajili ya bustani yake ya majimbi kando ya mtaro akalia majani yameliwa yote, na kwenye vikonyo kuna mayai ya rangi ya waridi, nikayatambua, ni yale yale ya kwenye kioo cha dukani. Nikampigia simu bwana shamba mimi mwenyewe, akaja mbio, akasema hawa si wa nchi hii, wakifika kwenye mpunga tumekwisha. Basi tukatoka akina mama wote, mikono tumeivika mifuko ya plastiki, tukakwangua mayai na kuyaponda, tukaokota konokono ndoo kumi na moja, mama mkwe akanicheka, "Wewe wa kumkimbia kuku akichinjwa, leo unaponda kama unatwanga?" Sasa mtaroni hakuna hata mmoja na majimbi yanachipua.

Lakini Ijumaa hii mtaa mzima utanifanyia sherehe ya pongezi, Bi Majimbi ananiita mwokozi wake, na bwana shamba alipouliza walitoka wapi nilitazama chini. Lile shimo sijamwambia mtu. Nikisema, nitamtazama vipi jirani yangu? Nijibu upesi, Ijumaa hiyo inakuja.

Mama Mapacha

Mama Mapacha, salamu zimefika, goti la mama lipone. Huruma yako nusura iwatie watu njaa, na hilo nakulaumu bila kuzunguka. Ila wangapi wangeyatambua mayai yale wakakaa kimya? Wewe ulipiga simu, ukainama matopeni. Pongezi ni haki yako, lakini kazi hujaimaliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Konokono uliowaficha wanazaa kila siku.

Mpigie bwana shamba leo, mwonyeshe shimo. Kabla hajafika, nenda kwa Bi Majimbi umwambie kwa kinywa chako, asije akasikia kisimani. Fundi naye avae mifuko aende shimoni, tangi ni lake, na waliobaki dukani wakabidhiwe bwana shamba, wasimwagwe popote tena.

Kwa kuwa Ijumaa ilikuwa karibu, jibu hili nilimsomea Mama Mapacha kwa simu kwanza. Jana alinipa habari: shimo limetoa ndoo nne, na pongezi zilifanyika. Bi Majimbi alipoambiwa alinuna asubuhi nzima, adhuhuri akatokea shimoni na ndoo yake, akamwambia, "Sogea huko, wewe una huruma mno."