Kwako Mzee Geti: Bawaba Bado Inalia

Kwiii.

Hiyo ni bawaba ya mlango wa nyuma, Baba, gizani kabla hakujapambazuka. Ni mwaka mmoja sasa tangu ilie kwa mkono wako mara ya mwisho, na bado hatujaitia mafuta.

Unakumbuka ugomvi wake? Mageti yako mtaa mzima yanafunguka kimya kama kope za macho, na mlango wa nyumbani kwako unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mama alikuwa akisema kutoka kitandani, "Kweli mganga hajigangi!" Nawe, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, ulimjibu: "Mama Watoto, hiyo ndiyo kengele yangu. Nikiitia mafuta nitajuaje nani hajarudi?" Kisha unacheka, kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi kinakusindikiza hadi karakana.

Siku hizi inanililia mimi. Nikitoka kabla mwanangu hajaamka, namsikia Mama akijigeuza na kusema palepale, "Mganga hajigangi." Halafu anatega sikio, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Baba, wewe ulikuwa fundi wa kuchomelea, na mtaa ulikuita Mzee Geti. Pale chuma kinapounganishwa na chuma ulipaita mshono, mpaka fundi cherehani wa jirani akadai umemwibia neno. "Wewe shona suruali," ulimwambia. "Yako ikichanika mtu anaona haya tu. Wangu ukiachia, mwizi anaingia." Naye akakujibu kwamba yeye angalau wateja wake hawaondoki na harufu ya moshi. Mlitaniana hivyo miaka yote, mkigawana kivuli kimoja na redio moja.

Watu wengine huwafukuza watoto wanaobembea kwenye mageti. Wewe uliwaita. Geti halikutoka mikononi mwako mpaka mtoto wa mwenye nyumba alining'inie, aende nalo na kurudi nalo, huku wewe umechuchumaa ukitazama bawaba kama daktari. "Mtu mzima anaweza kulionea geti haya," ulisema. "Mtoto hajui." Mjukuu wako, mwanangu huyu, alipopata nguvu za kushika nondo ukampa kazi hiyo pamoja na cheo chake, Meneja. Mteja akiharakisha, unamwambia, "Subiri kidogo mzee. Meneja bado anakagua."

Na geti likikataa kufunga vizuri, hukusema limepinda. Ulisema limenuna. Ulinieleza hivyo nilipokuwa bado nakuletea chai kwenye chupa: chuma ni kama watoto mapacha. Ukimkumbatia mmoja muda mrefu, mwenzake ananuna. Basi chomelea kidogo huku, ruka kule, rudi huku, kila upande upate joto lake. Ukiushikilia upande mmoja mpaka umalize, joto litavuta fremu yote, na utabaki unasukumana na geti kama watu wanaogombea mlango.

Miaka mingi baadaye nilijiandikisha madarasa ya jioni ya uchomeleaji. Wanawake tulikuwa wachache hata benchi moja halikujaa. Mwalimu alipochora ubaoni jinsi joto linavyovuta chuma, nilicheka peke yangu. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia, "Mwalimu, kwetu hiyo tunaita kununa." Tangu siku hiyo darasa zima likaita hivyo, na mwalimu naye.

Hukunikataza, Baba. Ulinitazama tu, ukafuta mikono kwenye suruali. Nilijua unawaza nini, kwa kuwa ni wiki ileile uliyokataliwa kwenye kazi ya jengo kubwa kwa kukosa cheti. Nyumbani ulilifanya jambo la kuchekesha: "Wameniomba cheti! Nikawaambia cheti changu kinafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, mtaa mzima, waende wakakisome." Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Ila uliponifuata uani sauti yako ilikuwa nyingine. "Mwanangu, kachukue hicho cha karatasi. Changu hakiingii kwenye bahasha."

Nimekichukua, Baba. Mama amekitundika chini ya picha yako, na kila akipangusa vumbi anaanza na kioo chako.

Kuna jambo moja tu ambalo hatukuwahi kupatana. Wewe ulijifunga kitambaa puani, ukanywa maziwa kila jioni, ukaamini maziwa yanaosha moshi wa siku. Mafundi wote wa rika lako waliamini hivyo. Nilikuletea maneno ya mwalimu: maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni, hawakutani njiani. Ukapiga funda, ukajipangusa sharubu. "Mwambie mwalimu wako maziwa yangu yanajua njia ya mkato." Ungemkasirikiaje mtu wa namna hiyo? Nilicheka, nikakujazia kikombe. Lakini kifua chako hakikucheka nasi, Baba, na mwishoni hata kile kicheko chako ulikuwa ukikigawa kwa mafungu, kidogo asubuhi, kidogo wageni wakija.

Ulipotutoka, mdogo wako, Baba Mdogo wetu, alikaa na Mama sebuleni. Kulikuwa na mfanyabiashara anayeuza mageti yaliyotengenezwa kiwandani, yanayokuja yamepakwa rangi na kufungwa nailoni. Alitaka kukodi karakana iwe duka lake. "Shemeji, zama zimebadilika," Baba Mdogo alisema. "Watu wanataka geti la leo hii." Mama akamwomba aniachie kwanza, mpaka mwaka utimie. Alikubali, ila funguo akakaa nazo yeye. Kila asubuhi nazifuata kwake, kila jioni nazirudisha, kama mwanafunzi aliyeazima kitabu.

Nilidhani anajali kodi. Siku moja nilimkuta ameshika kile kitambaa chako cha puani, kigumu kwa masizi. Akaniambia bila kugeuka, "Moshi ulimchukua kaka yangu. Sitaki uchukue na mtoto wake." Tangu hapo sijamnunia tena.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichoweka ni feni ya kufyonza moshi, na barakoa zenye chujio, na ngao za uso zinazojitia giza zenyewe cheche zikiruka. Rafiki yako Cheche, mliyeanza kazi pamoja mkiwa vijana, alivaa huku analalamika. "Sasa mimi fundi au nyuki?" Siku ya pili akaja kimya, akaitafuta barakoa yake mwenyewe. "Jana nimelala," akasema. "Nimelala usingizi wa mtoto." Hayo ndiyo yalikuwa maombi yangu, Baba, na yalijibiwa kwa mtu mwingine.

Ndipo akaja Mwalimu Mkuu wa chekechea ya hapo chini. Geti lao la zamani liliachia bawaba, na watoto walikuwa wanatoka nje kama kuku. Alichungulia karakana, akanipita kwa macho.

"Namtafuta fundi."

"Karibu, mwalimu. Fundi ni mimi."

"Namaanisha fundi mwenyewe."

Cheche akainua ngao yake. "Mwenyewe ndiye huyo. Mimi hapa ni pambo."

Nilichora mbele yake, nikampimia, nikamweleza kwa nini nondo zikae karibukaribu ili kichwa cha mtoto kisipite. Akaniachia kazi. Nami kwa furaha nikaiharakisha. Nilishona upande mmoja wote, mshono mzuri, umelala kama magamba ya samaki, ungeupenda. Tuliposimamisha fremu, ikakataa kukaa. Cheche akalizunguka geti lile polepole, mikono nyuma.

"Limenuna," akasema.

"Naona, mzee wangu."

"Limenuna haswa. Hili hata salamu haliitikii."

Baba Mdogo akatukuta hapo. Alilitazama geti, akanitazama mimi, na sikuona dharau usoni mwake, niliona mtu aliyechoka kuogopa. "Mwaka ukitimia yule mfanyabiashara anakuja kupima eneo," akasema. "Geti hili likisimama sawasawa, nitamwambia asije. Lisiposimama, mwanangu, tuyaache."

Tulikata mishono yote kwa grenda. Kelele zile zilikuwa msiba wa pili. Kisha nikaanza upya kwa namna yako: kidogo huku, ruka kule, rudi huku. Niliona aibu kwanza, halafu nikajikuta nasema kwa sauti ndani ya barakoa, "Na wewe njoo, na wewe usinune," kama ninavyomwogesha mwanangu na mtoto wa jirani kwenye beseni moja. Cheche alijifanya hasikii. Lakini alipunguza redio.

Baba, wasichana wawili waliomaliza nami darasa la jioni wameniuliza kama kwetu kuna nafasi. Mmoja ananyonyesha. Nimemwambia aje, na mtoto tutamtafutia pa kukaa mbali na moshi. Ulikuwa ukisema kazi hii imekosa vijana, kila mmoja anataka kazi isiyochafua kucha. Wapo, Baba. Walikuwa wanasubiri mtu awafungulie.

Tunaokuandikia ni mkeo, ambaye hadi leo analala upande wake wa kitanda na kukuachia wako, mdogo wako, rafiki yako Cheche, anayekuchagulia stesheni ya redio kana kwamba utalalamika, fundi cherehani, aliyekosa wa kutaniana naye na sasa anawatania wateja bila mafanikio, na mimi binti yako. Hatujakusahau hata siku moja, na hatujui tungeanzia wapi kukusahau, maana kila tunakopita tunafungua mkono wako na kuufunga. Daima tutakukumbuka.

Meneja hatukumwandika hapo juu, kwa sababu yeye alijisemea mwenyewe.

Ilikuwa jana, pale chekechea. Tulikuwa tumemaliza kulisimamisha, rangi ya kijani imekauka, watoto wamepanga mstari wakinong'ona. Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono alisukume. "Samahani, mwalimu," nikamwambia. "Kwetu kuna anayetangulia." Baba Mdogo alikuwa amesimama kando, mkono mfukoni, na nilisikia funguo zikigongana humo ndani.

Meneja akavua ndala zake, akapanda, akashika nondo kwa mikono miwili. Nikachuchumaa kutazama bawaba, kama ulivyokuwa ukichuchumaa. Geti likaenda naye, likarudi naye, kimya. Komeo likaingia mahali pake bila kusukumwa.

Baba Mdogo akatoa mkono mfukoni. Akaniwekea funguo kiganjani, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja.

Meneja bado alikuwa ananing'inia. Akainua uso juu, mahali tulipomwambia uliko, akasema kwa sauti mbele ya watu wote:

"Babu, geti halijanuna."