Nyumba Iliyomeza Taa

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unasemaje? Mimi sijambo, ila sauti imenikauka kwa kufundisha. Tunasoma hadithi moja ya kutisha, na wanafunzi hawanipi nafasi ya kupumua. Msimulizi ni mtunza nyumba anayeishi peke yake kwenye jumba la matajiri waliokwisha kufa. Anaapa kwamba jumba linameza mwanga: kila akiwasha taa, kuta zinaunywa, na ukungu unaingia mpaka chumbani. Nusu ya darasa wanasema ni mashetani. Wengine wanasema huyo msimulizi haaminiki. Wewe unaonaje?

Nimekutumia kitambaa cha gauni langu. Nishonee bila haraka.

Binti yako


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, cherehani haijambo, hata paka wa jirani hajambo. Kitambaa cheusi nimekipata. Kizuri, ingawa sijui nani amefariki huko hata uvae hivyo.

Huyo mtunza nyumba mwacheni. Mwenzenu anaishi ndani, nyie mko nje, halafu mnamwita mwongo! Mimi namwelewa sana. Hata hapa taa za siku hizi ni takataka tupu. Balbu ya chumba cha kushonea nimebadilisha, nikabadilisha tena, na bado nashona kama niko ndani ya moshi. Fundi umeme alikuja, akaitazama, akacheka, akaenda zake. Mafundi wa siku hizi!

Baba yako


2 Machi

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Safari hii nauliza kweli, kwa hiyo usinijibu habari za paka.

Kitambaa nilichokutumia ni cha kijani.

Leo nimewaeleza wanafunzi jinsi mwandishi anavyotuchezea. Jumba kupewa koo la kumezea ni tashihisi, hilo walilijua. Lililowashangaza ni kwamba msimulizi hadanganyi kwa makusudi. Anasema anachokiona, na lawama analitupia jumba kwa sababu hathubutu kuyalaumu macho yake. Mwandishi ametudokezea tangu mwanzo: mara anamimina chai nje ya kikombe, mara anaamkia koti lililotundikwa mlangoni. Msichana wa dawati la nyuma akauliza, "Sasa mwalimu, mbona hakuna mtu aliyemwambia?"

Mimi nilikuwa naifikiria barua yako, mwandiko mkubwa kama wa bango na mistari imepandana.

Baba, yule fundi alicheka kwa sababu taa yako ni nzima. Nenda hospitali ya macho, nakuomba. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome uani kwenye jua.

Binti yako


28 Machi

Baba,

Shikamoo. U mzima? Nimengoja jibu lako hadi karani wa posta akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Shule ikifungwa nakuja, upende usipende.

Yule mtunza nyumba mwishoni anajifungia mlango kwa ndani, na hadithi inaishia gizani. Sitaki uishie hivyo. Naogopa, Baba.

Binti yako


25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na zile nilizokunyima pia uzipokee. Mimi mzima, na leo unaweza kuniamini.

Nilikasirika, ndiyo. Niliitupa barua yako chini, halafu nikataka kuisoma tena. Nilipapasa sakafu nzima mpaka mteja akaniokotea. Ilikuwa mbele ya mguu wangu. Nilikaa nikalia, mwanangu. Nilichoogopa ni kuambiwa niache cherehani. Fundi asiyeona sindano ataitwa nani?

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limeshafanyiwa upasuaji, la kushoto linangoja zamu yake. Siku niliyoruhusiwa kufungua bandeji niliwasha taa ya chumba cha kushonea, nikaizima upesi. Kali hiyo! Nimemwomba radhi fundi umeme, naye akacheka tena.

Gauni lako nilikuwa nimeshalianza, kwa uzi mweusi kila mahali. Nimelifumua lote. Jana nilitunga uzi wa kijani mwenyewe, bila kumwita mtu, na sasa nakaribia pindo. Njoo ulijaribu.

Na yule msichana wa dawati la nyuma mwambie kwamba mimi nilikuwa na wa kuniambia.

Baba yako