Aya Niliyoiruka

Baba,

Shikamoo yangu ikufikie huko Dar es Salaam, hata kama uko kikaoni.

Tangu jana nimekupigia mara tatu. Mara zote ukaitikia, ukauliza, "Kuna shida, Katibu?" Nikasema hamna, nikauliza hali ya mama, nikakata. Shida ipo. Mdomo wangu unaujua, ukifika kwenye neno lenyewe unajifunga. Ndiyo maana naandika. Bibi hajui kama nakuandikia.

Unakumbuka nilivyopata hilo jina la Katibu? Kwenye mkutano wako wa Murangi, upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha karatasi za hotuba, nikapanda jukwaani kuzishikilia. Ukawaambia watu, "Huyu ndiye katibu wangu. Haongei, lakini hapotezi karatasi." Wakacheka, hata mimi nikacheka. Mwaka ule Bibi aliuza ng'ombe wake wote wanne kwa ajili ya kampeni yako, ukashinda ubunge. Uchaguzi uliofuata ukaanguka, na wale waliokuwa wanajaa sebuleni kwetu Musoma wakaacha hata kupita njia yetu.

Kipindi kile ndicho nilikupenda zaidi, sijawahi kukwambia. Mheshimiwa mzima umekaa barazani na kaptula, unasoma sheria za mabenki kama mtoto wa shule. Mimi nakuuliza maswali kwa Kiingereza, unajibu kwanza kwa Kiswahili ndiyo unageuza. Nikiruka mstari mgumu ulikuwa unagonga meza: "Usichokielewa usikipite. Rudi nyuma." Ukafaulu mtihani, ukapata kazi ya kusimamia wakopeshaji, mkahamia Dar na mama. Mimi nikabaki Butiama na Bibi nimalize kidato cha nne.

Sasa nisikilize, Baba.

Bibi alichoka kuangalia zizi tupu. Unajua majirani wanavyosemaga: "Mama Mheshimiwa, siku hizi unafuga upepo?" Akataka ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Tukaenda Bunda, pale Manyamanyama, kwenye ofisi ya mikopo ya chumba kimoja. Alikuwa na wasiwasi mpaka alipoona ukutani kalenda yako ya kampeni, ile yenye picha yako unapunga mkono. Miaka yote hawajaitoa. Bibi akavuta kiti. "Kama mwanangu yuko humu, hawa ni watu wa kwetu."

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Dada wa ofisini akasema, "Bibi una bahati, mjukuu si kasoma shule za Kiingereza? Akusomee." Nikasoma. Riba nikaeleza, miezi nikaeleza. Aya ya saba sikuielewa. Ilikuwa ndefu, maneno ya kisheria matupu, na wote walikuwa wananiangalia. Nikaona aibu kuuliza.

"Hapo wanasemaje?" Bibi akaniuliza.

"Mambo ya kawaida tu, Bibi."

Akatoa kidole gumba. Hakuona vizuri pa kukiweka, nikamshika mkono mimi mwenyewe, nikakibonyeza.

Ng'ombe amekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na mimba yake. Marejesho yakasimama. Jana asubuhi walikuja watu wawili wakapiga alama nyekundu ukutani. Aya ya saba, Baba, ni dhamana: mji wa Bibi. Nyumba na kiwanja chote, pamoja na pale alipolala Babu. Jumamosi wanarudi kumtoa.

Amenikataza kukwambia. "Watasema mtaalamu wa mikopo, mama yake kakopa uchochoroni. Mwache mwanangu afanye kazi." Leo tangu asubuhi anafagia kaburi la Babu. Anafagia palepale, pameshakuwa peupe, haachi. Hajanilaumu hata kidogo. Bora angenichapa.

Wiki iliyopita tulikusikia redioni. Ulisema mkopaji lazima asomewe mkataba kwa lugha anayoielewa. Mtangazaji akauliza, na asiposomewa? Ukasema alete malalamiko. Bibi akatabasamu, "Anaongea vizuri, eeh?" Mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya zizi.

Basi haya ndiyo malalamiko yangu, na mlalamikiwa wa kwanza ni mimi.

Nimerudi nyuma, Baba. Nimekaa na kamusi, nimeiandika aya ya saba yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Imo kwenye bahasha hii pamoja na nakala ya mkataba. Sijui kama mkataba huo ni halali. Wewe unajua. Barua namkabidhi kondakta wa basi la leo, namba yako nimeiandika juu.

Sikuombi pesa. Panda basi la Alhamisi. Jumamosi nitasimama mlangoni kwa Bibi, lakini peke yangu sitaweza kutamka hata neno, nitawaangalia tu wakitoa vitanda. Njoo tusimame wote, kama Murangi. Mimi nitashika karatasi. Wewe ongea.

Binti yako,
Katibu