Kiatu cha Kulia na cha Kushoto

Barabara ya Kumi na Tatu,
Ngamiani, Tanga.
22 Septemba 2024

Mpendwa kaka Taimur,

Asalaam aleikum. Shikamoo pia, kwa kuwa umenizidi miaka mitano na hilo halina ubishi. Hali yako vipi, na ya shemeji? Zeyana kaniambia goti bado linakusumbua na daktari amekukataza ngazi. Mungu akuafu. Sisi huku wazima. Joto limewahi mwaka huu, presha yangu iko pale pale, duka linakwenda.

Binti yako Zeyana anaondoka Alhamisi kurudi kwenu Maskati, na barua hii ataibeba mwenyewe. Umemlea vizuri. Kiswahili chake kinachechemea kidogo, lakini anakula kila anachopewa na hachoki kuuliza. Huko kuuliza ndiko kulikotufikisha hapa.

Alikuja na ule mti wa ukoo mnaotaka kuuchapa na kuugawa kwenye mkusanyiko wenu wa Idi, Mfungo Mosi. Akautandaza juu ya meza yangu ya kukatia ngozi, nikavaa miwani. Babu Yaqoub yuko juu kabisa. Chini yake baba yako, Nasri, kwa mstari mnene. Pembeni, kwa vidotidoti, yuko baba yangu: "Mwinyijuma, mtoto wa kulelewa, mshona viatu." Chini yake hakuna mtu. Mimi na wanangu wanne hatumo.

Sikulia, kaka. Nilimaliza na mteja aliyekuwa amesimama, kisha nikarudi kuusoma mti kama ninavyosoma hesabu za watu. Mmeandika babu alizaliwa 1889, na kwamba mwaka 1896 Sultani alimpa mashamba ya minazi ya Tongoni. Toa. Miaka saba. Nina mjukuu wa miaka saba na bado namfunga vifungo vya shati. Ama babu alikuwa mtoto wa ajabu, ama aliyeandika hakutoa.

Nikamuuliza Zeyana neno "kulelewa" limetoka wapi. Akasema alivyosikia nyumbani ni kuwa nasaba kama yetu haiwezi kuzaa mshona viatu, kwa hiyo yule lazima aliokotwa mahali. Hakulisema kwa ubaya. Ndivyo alivyofundishwa, na waliomfundisha unawajua.

Jumamosi nikafunga duka, tukaenda Tongoni. Huenda Bi Hafsa unamkumbuka, jirani yake babu. Sasa ana miaka themanini na sita, na ndiye anayeishi kwenye nyumba ya babu tangu baba alipohamia mjini. Zeyana akampa shikamoo yake, akamweleza kwa adabu kwamba anatafuta habari za mzee Yaqoub, mwenye mashamba. Bi Hafsa alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Mashamba yapi, mjukuu wangu? Minazi ile ya bibi yenu Mwanamkasi, kairithi kwa babake. Yaqoub kaja hapa na uma wa kutobolea mkononi na ngozi begani. Mwenye minazi kamkubali awe mumewe kwa kuwa kamshonea viatu vikamkaa."

Zeyana akauliza kama ana hakika.

"We mtoto, mimi nimeingia kwa mume wangu na viatu alivyonishonea Yaqoub. Nisijue nani kanipima mguu?"

Nikamuuliza kuhusu watoto, maana hilo ndilo lililonipeleka. Wawili tu, akasema, tumbo moja, wote mkunga wao alikuwa bibi yake yeye Bi Hafsa. Na wote wawili walikaa na babu kibarazani wakishona. Tena aliyekuwa na mkono mzuri zaidi kwenye gidamu, kile kikanda cha kati ya vidole, alikuwa Nasri. Kashona mpaka alipopata duka mjini, ndipo akataka kazi hiyo isitajwe tena. Baba yako alishona viatu, kaka. Naona hakuwaambieni.

Kisha akatupeleka stoo. Juu, kwenye kamba, vinaning'inia violezo: vipande vya ngozi ngumu vilivyokatwa kwa umbo la unyayo, kimoja kwa kila mteja, na ukikigeuza unapata mguu wa pili. Vimekauka kama ng'onda. Mwisho wa kamba viko viwili vimefungwa pamoja kwa uzi wa peke yake. Ni vya Nasri na Mwinyijuma. Baba alipohama alimwomba Bi Hafsa asivitenganishe, akisema kaka yake akirudi kutoka Maskati asikute hakuna kiatu chake. Baba mkubwa hakurudi. Bi Hafsa hakuvitenganisha.

Zeyana alivifungua, akaweka kimoja juu ya kingine. Urefu mmoja, vyote vipana mbele, vyote kidole cha pili kimekipita cha gumba. Akavua kandambili, akautazama mguu wake mwenyewe. Violezo hivyo viwili Bi Hafsa akatuazima, tukarudi navyo mjini.

Sasa niseme langu. Harusi ya dada yako Khuloud, Raskazone, mwaka 1970. Nilikuwa na miaka tisa. Makubadhi ya bwana harusi alishona baba yangu. Tulipofika tukaelekezwa uani, tukakaa na wapishi. Baba mkubwa akapita, akatuona, akaenda kusalimia wageni wake wa barazani. Baba akala, akanawa, akasema pilau imeiva. Hakusema zaidi siku ile, wala baadaye hadi alipofariki. Miaka hamsini na minne nimesubiri mtu anieleze kwa nini tulikaa uani. Mti wenu umenijibu kwa maneno matatu.

Usidhani naomba kitu. Baba aliniachia uma na kibao cha kukatia. Leo nina mafundi sita, na viatu vyangu vinavuka Horohoro kila wiki kwenda Mombasa. Hayo sikuyapata kwa jina la mtu, na huku Ngamiani hakuna anayenunua kiatu kwa kuangalia nasaba. Ninachotaka ni mstari mnene kutoka kwa Yaqoub hadi kwa Mwinyijuma, neno "kulelewa" lifutwe, na mbele ya jina la babu iandikwe kazi yake. Minazi mwandikieni mwenyewe, bibi Mwanamkasi, ambaye kwenye mti wenu nimemtafuta sikumwona.

Zeyana anakuletea pia jozi moja ya makubadhi. Nimekata mimi, ameshona Robert, fundi wangu. Cha kulia nimekikata kwa kiolezo cha baba yako. Cha kushoto nimekikata kwa cha baba yangu. Najua kiatu si ushahidi wa mahakamani. Vivae vyote viwili, utembee navyo hapo nyumbani, toka mlangoni hadi msikitini na kurudi. Kimoja kikikubana, chapa mti wako ulivyo, nami sitaandika tena. Visipokubana, umekwisha kujua la kufanya. Na goti usilisingizie.

Nisalimie dada Khuloud, mwambie sina kinyongo naye, yeye alikuwa ndani anapambwa. Nisalimie shemeji na watoto wote. Bi Hafsa anakusalimu, na anauliza kama bado unaogopa bata. Mwenyezi Mungu akupe afya, akurefushie umri, akulainishie goti na moyo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa pamoja,

Mwatumu binti Mwinyijuma bin Yaqoub