Bega la Hiroshi

Guangzhou, Jumanne

Kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kwetu Tanzania kijana hamwachi mzee abebe mzigo.

Hiroshi, jirani yangu Mjapani, amecheza besiboli ya kulipwa kwao miaka mingi. Kazi yake ni kusimama mbali kabisa uwanjani, adake mpira uliopigwa juu na kuurudisha kati kwa mrusho mmoja. Timu yake ilimwacha. Kesho timu ya hapa inamjaribu, na kwa umri wake sidhani kama kuna nyingine itakayomwita.

Leo alinikuta soko la Zhanxi nikihangaika na robota la viatu. "Mzee habebi!" akasema, kwa Kiswahili alichookota kwangu, akalitupa begani. Bega la kurushia. Nililisikia likialika, ko!

"Mwambie kocha," nilimsihi.

"Kocha akijua, mzee, nimekwisha."

Ningalinyamaza tu na mila zangu...

Jioni, baada ya kuliwekea barafu, alisema maumivu yamepoa. Akachukua chungwa mezani, akanirushia nilipokaa mlangoni. Chumba chenyewe hatua sita.

Lilianguka katikati. Tulilitazama, na hakuna aliyeinama kuliokota.