Patron Anataka Aone Namba Ikishuka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu umepoa, au bado unasimama jikoni kutwa na kunidanganya kwamba hauumi? Mimi mzima wa mwili, ila hasira imenifika kooni. Ile ruhusa ya kuja kwenye harusi ya mdogo wangu Neema Jumamosi ijayo imeniponyoka.

Kazi yangu unaijua: wenye maduka wa mtaa huu wa Bwiza wanaagiza unga na sabuni kwa simu, na maagizo yanakaa kwenye kumbukumbu ya mashine ninayoitunza. Ilikaribia kujaa, ikabidi nifute mafurushi mawili ya maagizo ya zamani. Ukifuta kwa amri ya kawaida, mashine inaacha kila kitu mpaka imalize, na wateja wote wanangoja. Kuna amri nyingine: inaliondoa furushi papo hapo, halafu inalisafisha taratibu huko nyuma. Ndivyo unavyofanya hapo mgahawani. Unatoa vyombo mezani, unaviosha uani, watu wanaendelea kula.

Huku kwetu kila Jumamosi asubuhi watu wote wako kwenye kazi za jamii, wanasafisha mitaa, maduka yamefungwa. Nilitaka nifute wakati huo. Patron, bosi wetu, akakataa, maana naye angekuwa huko na jembe, na kitu asichokiona kwa macho yake kwake hakijafanyika. Akaja maduka yamefunguliwa, Bwiza nzima inaagiza, akasimama nyuma ya kiti changu. Furushi la kwanza nikaliondoa kwa ile amri ya taratibu. Namba inayoonyesha kumbukumbu imejaa kiasi gani ikachelewa kushuka.

"Apana, ujafuta kitu," akasema. "Lile lingine futa kama zamani, mi nione."

Nikamweleza, nikambembeleza. Wapi! Nikafuta. Mashine ikaganda, simu zikalia ofisi nzima. Ilipozinduka namba ilikuwa imeshuka, na Patron akatabasamu. Wenye maduka walipokuja juu, akawaambia kosa ni langu. Kisha akanigeukia.

"Mutu mwenye kuangusha mashini ataendaje konji?"

Yaani likizo ndiyo imekwisha hivyo. Mama, nimelia chooni kama mtoto. Neema nimembeba mgongoni mimi.

Msalimie Baba, na shangazi mshonaji, mwambie lile gauni langu alipunguze, avae binti yake. Neema mwambie nampenda. Na siku hiyo, Mama, ukipakua, usiniwekee sahani.

Mwanao,
Zawadi