Wifi, Nimekusogeza Kichwa Nukta Moja

Timbwani, Jumapili baada ya alasiri

Wifi yangu Rukia,

Sijui nianzeje. Ulipokuwa hai nilikuwa nikiingia chumbani kwako bila hata hodi, nakaa kitandani, nawe waniambia ngoja nimalize hiki kidogo. Sasa ndio nabisha, na wa kuniitikia hayuko.

Basi nikupe hali za nyumbani. Kakangu Salim, mumeo, mzima, yuko na zamu zake za bandarini kama ulivyomwacha, ila amekuwa mtu wa maneno machache. Mama, mavyaa yako, miguu yamsumbua lakini hajambo. Mwanao Tima ameng'oka jino la mbele. Hulala nami siku hizi. Hitima yako ilisomwa, watu wakajaa mpaka ukumbini kwa jirani, na kesho yake kila mtu akarudi kwake, nikabaki nimeshika sahani za wenyewe sijui ipi ya nani.

Lakini ninalotaka kukuandikia ni lile jambo la kijimtu chako cha kwenye kompyuta.

Wakumbuka kompyuta yenyewe ilivyofika? Ofisini kwenu walileta mpya, ile kuukuu wakakupa wewe, Salim akaivusha kwa feri na kuipandisha huku kwa mkokoteni. Majirani wakaja na watoto wao, wakadhani ni televisheni, wakawa wauliza picha yaanza saa ngapi. Nawe ukasema utamtengenezea Tima mchezo wa kujifunza herufi: mwanamke wa buibui atembea, akipita juu ya herufi aiokota. Kuiandikia mashine maagizo yake ulijua. Kuchora hukujua. Kijimtu chako cha kwanza kilikuwa kama chupa ya sosi, nami nilicheka mpaka nikajikalia chini. Ukaniambia, "Wifi, wewe wafuma vitambaa vya meza kwa kuhesabu viraba vya pembe nne. Na huyu ni viraba tu. Njoo unifumie."

Nikaja. Ukanionyesha jinsi ya kujaza nukta moja moja na jinsi ya kufuta. Nikaharibu, ukacheka wewe.

Kisha ikaja ile homa. Tulikupeleka hospitali ukitembea kwa miguu yako mwenyewe. Nikarudi nyumbani kukuchukulia kanga. Niliporudi na zile kanga...

Hapo bado sijapaelewa, wifi. Naruka.

Tima ulikuwa umemwambia kwamba yule mwanamke ni mama aendaye kazini. Kwa hivyo shughuli zilipopoa alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, akabonyeza vile vibonye vya mishale, akatazama. Akanifuata jikoni. "Shangazi, huyu si mama. Mtengeneze."

Ningemwambia nini? Nikakaa nikamtengeneza.

Nikamtia macho. Nikamtia pua, nukta moja, na mdomo mwekundu. Uso wenyewe si mkubwa kuliko ukucha, ukawa kama wa kinyago. Tima akasema siye. Nikatia mikunjo kwenye buibui, rangi hii na rangi ile, kwa kuwa mashine inazo, nikaona ni hasara kuziacha. Buibui likawa kanga ya dukani. Siye. Nikamzungushia mstari mweupe pande zote ili aonekane vizuri, akawa kama amekatwa kwa makasi. Siye pia. Nikachanganyikiwa. Kitambaa ukikifuma, kila ukiongeza ndipo ua lazidi kuonekana. Huyu kila nikiongeza azidi kupotea.

Siku moja niliacha mashine inawaka nikaenda kutazama mbaazi motoni. Niliporudi, nikiwa bado mlangoni, nikakitupia jicho kile kioo kwa mbali. Sikujua kama ni mtu au ni mtungi. Nikasimama pale pale. Nikajiuliza, mbona asubuhi wanawake wakishuka kwenda feri, wote wana mabuibui, wako mbali, nami najua huyu Mwanajuma, yule mke wa mwalimu? Macho yao siyaoni. Pua zao sizioni.

Nikafuta uso wote. Nikaacha rangi ya maji ya kunde peke yake. Buibui nikalirudisha jeusi, nikatia samawati iliyokoza kidogo chini, pale upindo unapopepea, na nyuma yake nikaweka rangi ya mchanga ili weusi usimezwe. Kutembea kwake ni picha mbili zinazopokezana: picha moja ncha ya kiatu yaonekana, picha ya pili upindo umeifunika na mwili umepanda nukta moja. Nikabonyeza. Akatembea, wifi. Akatembea kama mtu.

Ila hakuwa wewe. Tima hakusema siye. Alishuka kitini akaenda zake, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama akaja akasimama nyuma yangu. Akaniambia, "Rukia tumemzika, mwanangu. Huyu wamtembeza wa nini?" Nikaenda kumuuliza maalim wa madrasa, nikamweleza yote, nukta na buibui na mtoto. Alinisikiliza kwa upole, akasema maneno mengi mazuri, akakuombea dua. Nikatoka pale sijui ameniruhusu au amenikataza, na sikuwa na uso wa kurudi kumuuliza tena.

Salim naye hakuwa amekitazama kile kioo hata mara moja. Alikuwa akila amekipa mgongo. Akasema mtoto hali vizuri, kutwa yuko na mashine, kwa hivyo siku yake ya mapumziko ataipeleka mashine hiyo Utange kwa binamu yake. Sikumbishia. Nilidhani labda ana haki. Nilidhani pia labda nitakufa ikiondoka. Yote mawili nilikuwa nayo kichwani kwa pamoja.

Siku hiyo ikafika. Akainama kuchomoa waya wa ukutani, na Tima alikuwa amekaa pale anakutembeza. Salim akainua macho. Akabaki vile vile, ameinama, mkono kwenye waya.

"Kichwa," akasema.

Nikamuuliza kichwa kimefanya nini.

"Kiko nyuma. Rukia alikuwa akitanguliza kichwa."

Akauachilia waya, akatoka akaenda kukaa barazani.

Ni kweli, wifi. Nimekuona miaka yote ukiikimbilia feri, kichwa mbele, kana kwamba kitafika kwanza kiwaambie wangoje mwili unakuja. Nimekuona, nisikumbuke. Aliyekipa kioo mgongo ndiye aliyekumbuka.

Nikakusogeza kichwa nukta moja. Moja tu, katika kila picha. Nikabonyeza, na wallahi ukapita mbele yangu. Nikajiziba mdomo. Mama, aliyekuwa akinikataza, aliketi mkekani polepole akasema, "Yuwaenda kazini." Basi. Salim alirudi akaegemea mlango, na habari za Utange hazikutajwa tena.

Hata katika barua hii sijui nimwite yule wa kwenye kioo wewe au yeye. Unaona ninavyochanganya. Najua uko wapi, nimeliona kaburi lako. Kisha nawasha mashine na moyo wanipiga kana kwamba nimechelewa kukupokea.

Nilidhani Tima atafurahi. Alikupeleka mpaka mwisho wa kioo, akakurudisha. Akaziinua herufi zote. Kisha akaondoa mikono kwenye vibonye, nawe ukaendelea kupiga hatua pale pale ulipo, kwa sababu uliondoka kabla hujaifundisha mashine kukusimamisha. Akasema, "Shangazi, mama amechoka. Mkalishe."

Mimi nimehangaika kukutembeza, mwanao ataka ukae. Sikuelewa nani kati yetu ndiye anayekujua.

Maagizo ya mchezo wako siyajui, sithubutu kuyagusa. Lakini leo nimefungua ile programu ya kuchorea peke yake, bila mchezo, nikaanza picha mpya. Kumkunja mtu aliyevaa buibui ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Jaribio la kwanza limetoka kama gunia la makaa. Tima amelitazama, ameinamisha kichwa upande, akasema acha hivyo hivyo, sasa anapumzika. Kisha akaenda kumwomba babake chakula.

Basi nimekuacha hapo, umekaa, sura yako bado haijakuja. Tima nitamlea, hilo lisikutie wasiwasi. Mola akulaze pazuri, wifi yangu, na aniwie radhi mimi nisiyejua ninachofanya.

Kesho nitajaribu magoti.

Wifi yako,
Mwanakombo